Taa wa Ghuba na Kuvumwani ya Kijito

Somo: 1 Wafalme 4:29–34

  Aliye jikoni na aendelee na chai yake, na aliye njiani kwenda kazini na aende salama, lakini sikio moja alitege huku.

Somo letu la leo latueleza habari za hekima ya Mfalme Sulemani. Tumezoea kuikumbuka hekima hiyo kwa ile kesi ya wanawake wawili waliogombea mtoto mmoja. Lakini mwandishi wa kitabu anaongeza jambo ambalo wengi wetu hulipita upesi tunaposoma. Anatuambia kwamba mfalme huyo alijua pia habari za mimea, kuanzia mwerezi mkubwa wa Lebanoni mpaka kale kammea kanakoota kwenye ufa wa ukuta. Tena alijua habari za wanyama na ndege, na hata za samaki.

Hebu tujiulize. Mfalme mwenye majeshi na hazina, mwenye wageni wanaomngoja mlangoni, alitafuta nini kwa mmea wa ukutani na samaki wa majini? Leo nataka tumfuate kidogo katika elimu hiyo. Tutamchukua samaki mmoja na mmea mmoja mdogo, tuwaweke mbele yetu, tuwalinganishe. Samaki yuko Tasmania, kile kisiwa kikubwa kilicho kusini mwa Australia. Mmea uko Uingereza. Hawajaonana wala hawataonana kamwe. Lakini wote wawili wamo hatarini kutoweka duniani, na shida zao zinafanana kuliko sura zao.

Samaki aitwaye taa

Ndugu zetu wa pwani hawahitaji kuelezwa taa ni nani. Lakini sisi wa bara tukisikia neno taa twafikiri habari za mafuta na utambi. Basi, taa ninayemsema ni samaki bapa, mpana kama sinia, mwenye mkia mwembamba. Ni wa ukoo mmoja na papa. Hana mifupa migumu kama tilapia. Mwili wake washikwa na gegedu, kama lile la sikio lako. Macho yake yako juu na kinywa kiko chini. Kwa kuwa hulala juu ya tope, angevuta maji kwa kinywa angemeza tope pia. Kwa hiyo amepewa matundu mawili nyuma ya macho, na kupitia hayo huvuta maji safi ya kupumulia.

Wako taa wa aina nyingi. Wengine huzaa watoto walio hai. Wengine hutaga mayai, kila yai likiwa ndani ya mfuko mgumu kama ngozi, nao huuacha mfuko huo chini majini, mtoto akue humo miezi mingi kabla ya kutoka. Yule tunayemzungumzia leo ni wa hawa watagao. Anaitwa taa wa Maugean, jina linalomkumbusha mtu René Maugé, mtaalamu wa wanyama kutoka Ufaransa aliyefariki katika safari ya huko mwaka 1802. Taa huyu hafiki urefu wa mita moja. Chakula chake ni kaa na kamba wadogo.

Makao yake ya hakika siku hizi ni pahali pamoja tu, ghuba iitwayo Macquarie Harbour, magharibi mwa Tasmania. Zamani alionekana pia katika ghuba nyingine ya kusini, Bathurst Harbour, na huko ndiko alikotambuliwa kwanza mwaka 1988. Jina lake la kitaalamu hakupewa mpaka mwaka 2007. Fikirini jambo hilo. Serikali ya kikoloni ilijenga gereza katika kisiwa kimoja cha Macquarie Harbour mwaka 1822. Watu wamekata miti, wamechimba madini na kuvua samaki kando ya maji yale kwa zaidi ya miaka 160 kabla ya yeyote kuandika kwamba chini yao aliishi kiumbe asiyepatikana kwingineko.

Mmea uitwao kuvumwani

Sasa tumwache samaki, tuje kwa mmea. Umepata kuona yale majani laini ya kijani yanayofunika mawe penye maji na kivuli, kama zulia dogo? Ukikanyaga, mguu wateleza. Hiyo ndiyo kuvumwani. Jina lisikupoteze: si kuvu ya mkate ulioharibika, wala si mwani wa baharini. Ni mmea kamili, wenye vijani, unaojitengenezea chakula kwa nuru ya jua. Lakini hauna mizizi ya kunyonya maji ardhini. Una nyuzi za kujishikiza kwenye jiwe tu, na maji huyapokea kwa majani yake. Hauna maua. Kuvumwani nyingi huenea kwa chembe ndogo kama vumbi, tena kipande kikikatika na kushika jiwe lenye unyevu, chaweza kuwa mmea mpya.

Kuvumwani yetu ya leo inaitwa Thamnobryum angustifolium. Hilo neno la pili maana yake ni jani jembamba. Inapatikana katika wilaya ya Derbyshire, Uingereza, ndani ya bonde moja la mawe ya chokaa, katika kijito kimoja kitokacho chemchemini. Imefunika mawe kwa eneo la kama mita 3 za mraba tu. Wasikilizaji, mita 3 za mraba ni kitanda kikubwa kimoja! Ukitandika blanketi pale, umefunika karibu jamii yote ya kiumbe hicho duniani. Sitalitaja jina la bonde, maana mmea wa namna hii waweza kumalizwa na wageni wachache wenye shauku, kila mmoja akichukua kipande cha kumbukumbu.

Wanavyofanana

Tukiwatazama kwa macho, hawa wawili hawana la kufanana. Mmoja ana damu na macho, huogelea, huwinda. Mwingine hukaa juu ya jiwe lake siku zote. Lakini wanafanana katika mambo mawili makubwa.

La kwanza, kila mmoja ana nyumba moja tu. Simba akifukuzwa pori hili, huenda lile. Taa wa Maugean akifukuzwa ghubani, hana pa kwenda, na kuvumwani ile kijito kikikauka, haina mguu wa kuhamia kingine.

La pili, wote wawili huishi kwa maji yanayopita kwanza mikononi mwa watu wengine. Jambo hili nataka tulieleze vizuri.

Macquarie Harbour ni ghuba kubwa, kiasi cha kilomita za mraba 300, lakini mlango wake wa kutokea baharini ni mwembamba na wenye kina kifupi. Mito huingiza humo maji matamu, meusi kama chai ya rangi kwa sababu ya majani na magome ya misitu. Maji hayo ni mepesi, hukaa juu. Chini yake kuna maji mazito ya chumvi yaliyoingia kutoka baharini. Yale ya chini kabisa hukaa muda mrefu bila kubadilishwa, na hewa ya oksijeni iliyomo hupungua kidogo kidogo. Taa huishi katikati, sanasana kwenye kina cha mita 5 hadi 15 hivi. Juu kwake maji ni matamu mno, na chini kwake hewa ni haba.

Sasa, katika miaka ya 1980 watu walianza kufuga samoni ndani ya vizimba katika ghuba hiyo. Samoni ni samaki wa kuuzwa, na si mwenyeji wa huko. Baadaye ufugaji uliongezeka sana. Samaki wengi hula chakula kingi na kutoa uchafu mwingi. Uchafu na mabaki ya chakula huzama, vijidudu huvioza, na katika kuoza hutumia oksijeni. Mnajua hatari ya jiko la makaa ndani ya chumba kilichofungwa madirisha. Jiko halimchomi mtu, lakini linaiharibu hewa anayoivuta. Ndivyo ilivyokuwa kwa taa. Hakuna aliyemvizia na kumuua, ila hewa ndani ya nyumba yake ilipungua.

Wala samoni si sababu pekee. Mgodi wa shaba wa Mount Lyell ulimwaga taka zake mitoni kwa miaka mingi mpaka mwaka 1994, kiasi cha tani milioni 100, na nyingi zilishuka mpaka ghubani. Mto Gordon nao uliwekewa bwawa la umeme katika miaka ya 1970, na tangu hapo maji huachiliwa kwa mahitaji ya umeme, si kwa majira ya mvua peke yake. Tena maji ya bahari yanazidi kupata joto, na maji ya joto hushika hewa kidogo. Mwaka 2019 zilikuja dhoruba kali zilizoyavuruga maji na kuyapandisha juu yale ya chini yasiyo na hewa. Karibu nusu ya taa waliokuwa wakifuatwa na wataalamu kwa vyombo maalum walikufa. Wataalamu walipohesabu kutoka mwaka 2014 mpaka 2021, waliona kwamba taa hao walikuwa wamepungua kwa asilimia 47.

Na kule Derbyshire je? Kijito hutegemea maji ya chemchemi, na chemchemi hutegemea maji yaliyomo ndani ya mawe ya chokaa. Wilaya ile ilichimbwa madini ya risasi kwa karne nyingi. Wachimbaji walikuta maji ndani ya migodi, wakatoboa mifereji chini ya ardhi ili kuyaondoa. Migodi imefungwa zamani, waliochimba wamezikwa, lakini mifereji mingi ingali inatiririsha maji, na baadhi ya mito ya wilaya hiyo hukauka wakati wa kiangazi. Mmea usio na mizizi, unaokunywa kwa majani, utastahimili ukavu kwa muda gani? Zaidi ya hayo, kuna mbolea na samadi za mashamba yaliyo juu ya mabonde. Mvua ikinyesha, huteremka nazo.

Kwa hiyo, wasikilizaji, ukitaka kujua hali ya taa na ya kuvumwani, usiishie kuwatazama wao. Panda juu, ukatazame ni nani aliyetumia maji kabla hayajawafikia. Ndugu zetu wanaomwagilia mashamba kwa mfereji mmoja wanaielewa habari hii bila kufundishwa. Aliye juu akifungulia, aliye chini hukauka, na mara nyingi aliye juu hana hata habari.

Wanavyotofautiana

Hata hivyo, katika kuokolewa kwao kuna tofauti, nazo zinafundisha.

Kuvumwani ina jambo moja la ajabu. Kwa kuwa kipande chake chaweza kuwa mmea mzima, wataalamu wa bustani ya Kew, London, wamejaribu kuvihifadhi vipande vya kuvumwani mbalimbali zilizo hatarini katika baridi kali mno, ili viweze kuamshwa na kukuzwa siku za mbele. Tena kuilinda kijitoni hakumnyimi mtu yeyote riziki yake. Sheria ya Uingereza ya mwaka 1981 ya kulinda wanyama na mimea inakataza kuing'oa. Hakuna aliyeandamana kuipinga. Hatari yake kubwa ni kusahauliwa. Nani atakumbuka kitanda kimoja cha majani katika nchi nzima?

Kwa taa ni kinyume. Taa hawekwi katika chupa ya baridi. Mwishoni mwa mwaka 2023 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Tasmania walianza kuwafuga wachache katika matangi, na mwaka 2024 mtoto alianguliwa kutoka yai lililotagwa humo. Hiyo ni kazi njema, lakini taa wa tangini si taa wa ghubani. Watu wamejaribu pia kutia oksijeni katika maji ya ghuba kwa mashine. Lakini dawa iliyo wazi zaidi, yaani kupunguza samoni, inagusa sahani za watu. Katika mji mdogo wa Strahan na vijiji vya jirani wako wazazi wanaolipa karo na kodi kwa mishahara ya vizimba. Tusiwadharau. Baba aamkaye usiku kwenda kulisha samoni si adui wa taa. Anatafuta mkate wa watoto wake. Upande wa pili, wanaomtetea taa si adui wa mkate. Wanasema kwamba kazi yaweza kuhamishwa au kubadilishwa, lakini taa hana ghuba ya pili.

Ubishi huo ulifika mpaka Bunge la Australia. Mwezi wa Machi 2025 lilipitisha sheria iliyokusudiwa kuuwezesha ufugaji wa samoni kuendelea katika Macquarie Harbour. Mwaka huohuo ripoti ya wataalamu ilileta pia habari za kutia moyo, kwamba taa walionekana kuongezeka tena, na wadogo wakiwemo. Wataalamu hao hawakusema hatari imekwisha. Samaki wa ghuba moja anaweza kupata miaka mitatu mizuri, kisha dhoruba moja ikaivuruga hesabu yote.

Wawili waliokwisha kuondoka

Labda mtu atauliza, je, viumbe kama hivi hutoweka kweli, au ni maneno ya kutisha watu? Nitawapa habari mbili, na zote mbili zinaanza mwaka mmoja, 1862.

Mwaka huo, katika soko la samaki la mji unaoitwa leo Jakarta, huko Indonesia, alinunuliwa taa mdogo, urefu wake kama sentimita 33. Alipelekwa Ujerumani, na hata leo yumo katika jumba la makumbusho la Berlin. Ni wa jamii iitwayo taa wa Java. Tangu siku ile hakuna mwingine aliyeonekana. Pwani ile ilivuliwa mno, kisha ikajengwa mno. Wataalamu walitafuta, wakahesabu, wakangoja. Mwezi wa Desemba 2023 ilitangazwa rasmi kwamba ametoweka. Ndiye samaki wa kwanza wa baharini kutangazwa hivyo kwa sababu ya matendo ya wanadamu.

Mwaka huohuo wa 1862, karibu na mji wa Belleville, Kanada, mwalimu mmoja aliyependa mimea, John Macoun, aliingia katika kinamasi cha miti mikubwa, ikiwemo ile ambayo watu wa huko huiita mierezi. Akaona kwenye miti hiyo kuvumwani yenye kung'aa, asiyoijua mtu. Ilikusanywa tena miaka iliyofuata, mara ya mwisho mwaka 1864. Kisha miti ikakatwa, kinamasi kikasafishwa. Kuvumwani ile haijaonekana tena popote. Iliitwa Neomacounia, kwa heshima ya yule aliyeiona, na jina hilo limedumu kuliko mmea wenyewe.

Taa mmoja na kuvumwani moja, mwaka mmoja, pande mbili za dunia. Hakuna mtu aliyekaa barazani akasema, haya, tuwamalize hawa. Waliokata miti walitaka mashamba. Waliovua walitaka kitoweo. Kila mmoja alifanya kazi yake ya siku, na hesabu ya pamoja haikufanywa na yeyote.

Tujifunze nini

Kwanza, tujifunze kuwajua majirani zetu wadogo. Sulemani aliujua mwerezi, lakini alijua pia kammea ka ukutani. Taa wa Maugean aliishi bila jina miaka mingi, na asiyejulikana hana wa kumtetea.

Pili, tuulize mapema. Wahenga wetu walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Oksijeni ya ghuba ile ilipimwa ikishuka miaka kadhaa kabla ya taa kuanza kufa kwa wingi. Kupunguza vizimba mapema kungekuwa kazi nyepesi kuliko matangi na mashine za leo.

Tatu, tukumbuke aliye chini yetu mtoni. Kila mmoja wetu yuko juu ya mtu fulani. Mwenye shamba, mwenye kiwanda, mwenye nyumba ya kupangisha, hata mama anayemwaga maji machafu nyuma ya nyumba, maji yake yanashuka kwa mwingine. Mwingine huyo huenda ni binadamu mwenye kinywa cha kulalamika. Huenda pia ni samaki aliyelala kwenye tope, au kijani kidogo kilichoshika jiwe, na hivyo haviji kubisha hodi.

Wakati huu ninaposema nanyi, taa wa Maugean yuko chini ya maji meusi ya ghuba yake, anavuta maji kwa yale matundu nyuma ya macho. Na katika bonde lile la Derbyshire, kijito kinapita juu ya kitanda kimoja cha kuvumwani. Wote wawili wangalipo. Tuseme asante kwa hilo, na wenye mamlaka juu ya maji hayo tuwaombee hekima, ile aliyoiomba Sulemani alipoweza kuomba mali.

Siku njema kwenu nyote, na Mungu awabariki.